Simu ya Bibi na Atomi ya Platinamu



Ndugu wanafunzi wenzangu, nimepata nafasi ya kuandika katika jarida letu la mwaka huu. Mara ya mwisho nilipoandika humu nilikuwa nikikaa kwenye mkeka kama ninyi, na makala yangu ilikuwa juu ya usafi wa mazingira. Safari hii nimeombwa nieleze masomo ya sayansi ya chuo kikuu yanahusu nini, ili wale wanaotaka kuyafuata wapate mwanga.

Nimefikiri sana, nikaona nisiandike juu ya sayansi yote. Nitaandika juu ya kitu kimoja kidogo mno, ambacho kila mmoja wenu amekishika mkononi bila kukijua, nacho ni mwanga wa kioo cha simu. Ndani ya habari hiyo limo pia kosa langu mwenyewe, nililolificha kwa muda mrefu. Nalieleza hapa kwa sababu kulieleza ndiko kulikonifundisha kemia, na kemia ndiyo iliyonirudisha kulirekebisha.

KIBANDANI TUNDUMA

Mwaka 2019 nilimaliza kidato cha sita. Wakati wa kusubiri matokeo sikutaka kukaa bure nyumbani Itumba, nikaenda Tunduma. Fundi mmoja aliyefahamiana na mjomba wangu alinipokea katika kibanda chake cha kutengeneza simu. Wanaoijua Tunduma wanajua hali ya pale: malori yamepanga foleni kuelekea Zambia, wabadilisha fedha wameshika mabunda ya kwacha, na kila baada ya hatua kumi kuna meza ya fundi simu. Kazi haikosekani. Nilianza kwa kufagia na kupanga bisibisi, na baada ya mwezi mmoja nikawa nafungua simu mwenyewe.

Siku moja alikuja bibi mmoja wa kwetu Itumba. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba," kisha akanitazama vizuri. "Kumbe ni wewe, mjukuu wangu! Nimefurahi. Nilikuwa na wasiwasi na mafundi wa mjini, lakini kama mtoto wa madrasa yetu yuko hapa, basi."

Simu yake alitumiwa na mwanawe anayefanya kazi Muscat. Ilikuwa simu nzuri. Ilimponyoka ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, na kwenye kona ya kioo likatokea doa jeusi kama wino uliomwagika. Doa lile lilikuwa likipanuka kila siku. Fundi aliikagua akasema kioo kimekufa, na kwamba kioo kipya, orijino, ni shilingi 130,000. Bibi alifungua ncha ya khanga yake, akahesabu noti moja moja, akaziweka mezani.

Kazi nilipewa mimi. Nilipasha moto kingo, gundi ikalegea, nikakitoa kioo kilichokufa. Kilikuwa chembamba ajabu, karibu kama karatasi ya jalada la daftari. Kioo nilichopewa nikiweke kilikuwa kinene zaidi, na nyuma yake kilikuwa na karatasi nyeupe inayong'aa. Nilipokifunga kilikaa juu kidogo ya fremu. Nilimwuliza fundi kwa sauti ya chini, "Hiki mbona si sawa na kile?" Akanijibu, "Kioo ni kioo. Kinawaka, hakiwaki?"

Kiliwaka. Nikampa bibi simu yake, akanibariki, akaondoka. Baadaye jioni nilikuta kile kioo kwenye orodha ya mzigo wa duka. Kiliandikwa "kopi, LCD", na bei yake haikufika hata nusu ya fedha aliyotoa bibi. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba mimi ni mwanafunzi tu pale, na tena sijui tofauti ya vioo hivyo ni nini hasa. Wiki zile nilijifariji sana kwa neno hilo, "sijui".

MALALAMIKO YA BIBI

Baada ya majuma mawili nilirudi Itumba kwa siku mbili, kupitia Mpemba na Isongole. Ijumaa jioni bibi aliniita kwake. Mumewe, ambaye sisi sote tulimwita babu, alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na usingizi wake ulikuwa mwepesi. Bibi alikuwa na desturi ya kuamka usiku na kusoma Qur'an kwenye simu, palepale chumbani, akiwa karibu na mgonjwa. Mwanawe alimwekea programu yenye ukurasa mweusi na herufi nyeupe.

Akaniambia hivi: "Zamani nikiwasha simu naona herufi tu. Chumba kinabaki na giza lake. Sasa hata pale pasipo na herufi pana mwanga, kama mbalamwezi. Babu yako anaamka, na akiamka halali tena. Na chaji nayo, zamani nilikaa siku mbili, sasa haifiki magharibi. Mjukuu wangu, simu hii imepoteza usiku wake."

Nilijua kosa liko wapi. Nilishika simu, nikapunguza mwangaza, nikamwambia, "Bibi, labda ni setingi tu." Akanishukuru.

Kunyamaza kibandani kulikuwa kosa la kwanza. Hili la pili lilikuwa uongo kamili, nami niliutamka kwa ulimi wangu, mbele ya mtu aliyeniamini kwa sababu ya madrasa yangu.

GIZA LA KWELI NA GIZA LA PAZIA

Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo nilikwenda Dar es Salaam kusoma kemia. Maneno ya bibi yalinifuata. Nikaanza kutafuta katika vitabu, na nitawaeleza nilichokipata kwa lugha nyepesi.

Kioo cha LCD hakitoi mwanga chenyewe. Nyuma yake kuna taa nyeupe inayowaka muda wote, na mbele ya taa hiyo kuna mapazia madogo mno, mamilioni kwa idadi, yanayofunga na kufungua. Ukitaka rangi nyeusi, mapazia hufungwa. Lakini hakuna pazia lisilopitisha mwanga kabisa. Ndiyo maana weusi wa kioo hicho ni kama kijivu, na ndiyo maana betri huliwa hata ukurasa ukiwa mweusi mtupu, kwa kuwa taa ya nyuma haijazimwa.

Kioo cha OLED ni kitu kingine. Hakina taa ya nyuma. Kila nukta ya kioo hicho ni taa inayojitegemea, iliyotengenezwa kwa matabaka membamba ya molekuli za kaboni. Unene wa tabaka linalotoa mwanga ni nanomita makumi tu, ilhali unywele mmoja wa binadamu una nanomita kama 80,000. Ukipitisha umeme, nukta inawaka. Ukitaka weusi, nukta inazimwa kabisa. Basi bibi alisema kweli tupu. Usiku wa simu yake ya kwanza ulikuwa usiku halisi, na ule wa pili ulikuwa taa iliyofunikwa pazia.

Hata lile doa jeusi lina maelezo yake. Molekuli hizi ni adui wa hewa na unyevu, ndiyo maana kiwandani huzibwa kwa uangalifu mkubwa. Kioo kikipasuka, hewa huingia na kuua nukta moja baada ya nyingine, na doa hupanuka. Si wino kama tunavyodhani.

Taa ya namna hii ilianza kuwa kitu cha maana mwaka 1987, pale Ching Tang, mzaliwa wa Hong Kong, na mwenzake Steven Van Slyke, wote wa kampuni ya Kodak nchini Marekani, walipotangaza kifaa chenye matabaka mawili ya molekuli za kaboni kilichowaka kwa umeme wa chini ya volti 10. Kiliwaka vizuri, lakini kilikuwa na hasara kubwa iliyojificha ndani yake.

WASAFIRI WANNE MPAKANI

Hasara hiyo ndiyo iliyonivutia kuliko yote. Nitaieleza kwa mfano wa mpakani, maana sisi ni watu wa mpakani.

Ndani ya taa hii, umeme huleta elektroni kutoka upande mmoja, na kutoka upande wa pili huleta nafasi tupu zinazongojea elektroni. Vikikutana ndani ya molekuli, molekuli hupata nishati ya ziada, kisha huitoa nishati hiyo kama mwanga. Lakini elektroni ina tabia iitwayo spini, na tabia hiyo hufanya makutano yawe ya aina mbili. Katika kila makutano manne, moja huwa la aina iitwayo singileti, na matatu huwa ya aina iitwayo tripleti.

Sasa fikiria wasafiri wanne wamefika daraja la Isongole wakitaka kuvuka kwenda Malawi. Mmoja ana hati. Anavuka mara moja. Watatu hawana hati. Wanakaa chini ya mti mpaka jua linazama, wanachoka, wanarudi walikotoka. Singileti ndiye mwenye hati: hutoa mwanga papo hapo. Tripleti ndio wale watatu: kanuni za maumbile huwazuia kutoa mwanga, na nishati yao hupotea kama joto.

Kwa hiyo taa zote za mwanzo za aina hii zilikuwa zikipoteza robo tatu ya nishati. Nyaya zikiwa nzuri kiasi gani, kiwanda kikiwa safi kiasi gani, katika kila sehemu nne ni moja tu iliyoweza kuwa mwanga. Tatizo halikuwa uzembe wa fundi. Lilikuwa ndani ya molekuli yenyewe.

PLATINAMU INAINGIA

Mwezi wa tisa mwaka 1998, jarida la Nature lilichapisha kazi ya kundi la Stephen Forrest wa Chuo Kikuu cha Princeton na Mark Thompson wa Chuo Kikuu cha Southern California. Jina la kwanza katika orodha ya waandishi lilikuwa la Marc Baldo, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi. Nawaomba mlikumbuke hilo, ninyi mnaodhani wanafunzi kazi yao ni kunakili tu.

Walichofanya ni kuchukua molekuli yenye atomi moja ya platinamu katikati, wakaichanganya kidogo ndani ya tabaka la taa. Molekuli hiyo ni ya jamii ya porfirini. Porfirini ni pete ya kaboni na naitrojeni yenye nafasi katikati ya kushika atomi ya metali. Ndani ya damu yetu kuna pete ya jamii hiyo imeshika chuma, na ndiyo inayobeba oksijeni. Ndani ya jani la mhindi na la mkahawa, kama tunayolima hapa Ileje, kuna ndugu wa pete hiyo ameshika magnesiamu, na ndiye anayepokea mwanga wa jua na kulipa jani rangi ya kijani. Wao waliweka platinamu, na pete ikatoa mwanga mwekundu.

Kwa nini platinamu? Kwa sababu ni nzito. Ni atomi ya namba 78, maana yake kiini chake kina protoni 78, ilhali kaboni ina 6 tu. Elektroni inayopita karibu na kiini kizito namna hiyo huenda kwa kasi kubwa mno, na hapo spini yake na mzunguko wake huanza kuvutana. Mvutano huo hulegeza ile kanuni iliyowazuia tripleti. Kwa mfano wetu, ni kama pale mpakani amekuja afisa anayeweza kuwaandikia hati wale watatu waliokaa chini ya mti. Hawavuki upesi kama mwenzao wa kwanza, ila wanavuka.

Mwanga wa namna hii, unaochelewa kidogo kutoka, huitwa fosforesensi. Wengi wenu mmeona tasbihi za plastiki za rangi ya kijani kibichi zinazong'aa gizani baada ya kuwekwa penye taa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiificha tasbihi ya namna hiyo chini ya shuka ili niione inavyong'aa. Unga wa tasbihi si platinamu, na njia yake ya kuhifadhi nishati ni tofauti, lakini wazo la kupokea sasa na kutoa baadaye linafanana. Tasbihi huchelewa kwa dakika na saa. Porfirini ya platinamu huchelewa kwa karibu sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde.

Katika majaribio yale ya mwaka 1998, nishati iliyogeuka mwanga ndani ya taa ilifika asilimia 23. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa mwanga ule ulipitia kwenye tripleti, mahali ambapo awali palihesabiwa kuwa pa hasara tupu. Njia ilikuwa imefunguka. Kufikia mwaka 2001, watafiti haohao na wenzao walikuwa wamefikia karibu asilimia 100, kwa kutumia iridiamu badala ya platinamu.

MBONA BLUU NI NGUMU?

Hapa mtauliza: kama platinamu ilifungua njia, mbona iridiamu ndiyo iliyochukua nafasi? Jibu liko katika kuchelewa. Sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde kwetu ni kufumba na kufumbua, lakini kwa molekuli ni muda mrefu sana. Taa ikiongezwa mwangaza, tripleti zinazosubiri huwa nyingi, zinagongana, na nishati inapotea. Molekuli za iridiamu huhitaji karibu sehemu moja ya milioni ya sekunde tu. Zaidi ya hapo, molekuli ya platinamu ni bapa, nayo hupenda kupangana na nyingine kama chapati kwenye sahani, na zikipangana rangi yake hubadilika. Ya iridiamu ina umbo la mviringo, haipangani kirahisi. Ndiyo maana katika simu za OLED rangi nyekundu na kijani hutokana na molekuli za fosforesensi, na mara nyingi ni za iridiamu.

Imebaki bluu. Mwanga wa bluu hubeba nishati kubwa kuliko nyekundu na kijani, na molekuli inayoishika nishati hiyo kwa muda mrefu huvunjika. Kwa sababu hiyo simu nyingi bado hutumia kwa bluu njia ya zamani, ile yenye hasara kubwa. Bluu vilevile huzeeka mapema kuliko rangi nyingine, na hii ni sababu mojawapo ya vile vivuli vya picha vinavyobaki kwenye vioo vya simu vilivyotumika miaka mingi.

Na hapa platinamu imerudi. Wakemia wametengeneza molekuli mpya zinazoishika atomi ya platinamu kwa vishikizo vinne imara, wakaziongezea matawi pembeni ili zisipangane kama chapati, na muda wake wa kuchelewa umepungua sana. Mwaka 2022 watafiti wa Samsung na wenzao walichapisha katika jarida la Nature Photonics taa ya bluu ya platinamu iliyodumu kwa muda mrefu kuliko ilivyozoeleka kwa bluu ya fosforesensi. Kazi inaendelea. Aliyefungua mlango akawekwa kando, na leo anaitwa tena penye kazi ngumu.

Ndugu msomaji, usidhani platinamu iko mbali nasi. Machimbo makubwa kuliko yote duniani yako Afrika Kusini, na Zimbabwe nayo inayo. Nikeli iliyoko Kabanga, kule Ngara, ni ndugu wa platinamu katika safu moja ya jedwali la elementi. Bara letu linatoa metali yenyewe. Ujuzi wa kuifanya iwake ndio tunaopaswa kuutafuta.

NILIPORUDI ITUMBA

Nilipoelewa hayo, neno langu la kujifariji lilikwisha. Sikuweza tena kusema "sijui". Nilijua bibi alinyimwa nini, hata ningeweza kumchorea ubaoni.

Lakini kujua hakukunifanya niende mara moja. Nilikawia. Nilisema nitakwenda likizo hii, nikasema nitakwenda ile. Kila bumu likitoka niliweka kando kidogo, na mwaka 2021 nikanunua Kariakoo kioo cha OLED cha simu ileile. Kabla ya kulipa nilimwomba muuza duka tukijaribu. Tulifunga mlango, tukazima taa, nikaweka picha nyeusi. Kioo hakikuonekana. Nikalipa.

Nilifika Itumba, nikapita nyumbani kuweka begi, nikaenda kwa bibi. Nilimkuta amekaa barazani anachambua maharage. Baada ya salamu nilimweleza yote: kibanda, orodha ya mzigo, kioo cha kopi, na ule uongo wangu wa setingi. Nilimpa na fedha iliyozidi, ile tofauti ya bei. Aliendelea kuchambua maharage mpaka nikamaliza.

Kisha akasema, "Nilijua si setingi. Nilisubiri useme." Akanyamaza kidogo. "Babu yako alifariki mwezi wa tatu. Miezi yake ya mwisho nilikuwa natoka na simu nje, nakaa hapa barazani na baridi, ili yeye alale. Sasa hakuna wa kuamsha."

Sikuwa na la kusema. Sisi wa Itumba tunaijua baridi ya huku usiku. Nilikuwa nimehesabu fedha, nikahesabu betri, nikahesabu asilimia, lakini sikuwa nimehesabu zile saa za barazani. Hizo hazirudishwi na kioo chochote.

Nilimwuliza kama niache tu. Akasema, "Weka, mjukuu wangu. Kilicho changu kiwe changu." Nikaketi palepale, nikafungua simu, nikaweka kioo. Jua lilipozama tukaingia ndani, tukazima taa, naye akafungua ukurasa wake. Herufi zilisimama peke yake gizani. Akasema, "Ehe. Ndiyo hii."

NASAHA KWA WENZANGU

Nimalizie kwa machache ambayo ningependa mshike.

Kwanza, kwa wale wanaokwenda kujifunza ufundi simu, na najua ni wengi. Kuuza kioo cha LCD si kosa. Kuna mtu hana fedha ya OLED, na kopi inamtosha. Kosa ni kukiuza kwa jina na bei ya kingine. Mwambie mteja, "Hiki ni LCD, weusi wake hautakuwa weusi, na chaji itawahi kwisha," kisha umwache achague. Tulifundishwa madrasani kutopunja mizani. Kioo nacho kina mizani yake, ila mteja haioni. Wewe fundi ndiye unayeiona.

Pili, kwa wateja. Ukibadilisha kioo cha OLED usiondoke dukani kabla hujajaribu. Ingia penye giza, fungua picha nyeusi. Ukiona kioo kinatoa mwanga wa kijivu, umeuziwa LCD. Jaribio hili halihitaji chombo wala gharama.

Tatu, kwa wanaosoma sayansi. Msiogope majina magumu. Mambo yote niliyoyaeleza hapa yalianza kwangu kwa swali la bibi asiyejua kemia, ambaye aliona kwa macho yake kwamba giza limebadilika. Mtu akikuletea swali kama hilo, lichukue. Usimjibu "labda".

La mwisho ni langu mwenyewe. Molekuli zile zilipoteza robo tatu ya nishati kwa sababu hazikuwa na njia ya kuitoa, na hakuna wa kuzilaumu. Mimi njia nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, nayo ni sentensi moja tu: "Bibi, kioo hiki si orijino." Kama ningeisema siku ile pale Tunduma, angelala ndani karibu na mgonjwa wake.







Ndugu yenu, mwanafunzi wa zamani, Itumba.